Ubeti wa Mwisho Ulikatwa: Kisa cha Mtunzi wa Maneno ya Filamu, Lamu

Mwalimu hakuja kwangu kudai. Alikuja kwa kuwa ameitwa mwizi.

Alikaa barazani baada ya Alasiri, akavua kofia na kuipangusa, kisha akanipa simu yake nisikize sauti aliyotumiwa WhatsApp kutoka Nairobi. Kijana wa kampuni ya filamu alikuwa akimwambia, kwa Kiswahili cha haraka, kwamba amewauzia mali ya watu. Wimbo wa kwanza katika filamu yao umezuiwa YouTube, mashine imeitambua lahani, yaani sauti ya muziki wake, mwenyewe yuko India, na sasa wanataka warudishiwe pesa zao.

"Mimi, mwanangu, naitwa mwivi?"

Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa wakili Mombasa kwa miaka, nikarudi Amu, ndiyo Lamu, na mazoea ya kusoma karatasi za watu. Jina la Mwalimu siliandiki, wala la kampuni. Kisa chake nakiandika kwa sababu ndani yake mna nyimbo tatu zilizouzwa kwa neno moja, na kila wimbo ulikuwa na mwenyewe tofauti.

Mwalimu ni mtu wa Langoni. Jina hilo amelipata chuoni, maana watoto wa mitaa miwili wamesoma Kurani kwake. Utunzi alijifunza ujanani kwa njia waliyojifunzia wengi wa rika lake huku pwani, yaani kwa nyimbo za filamu za Kihindi. Alizisikia kwenye redio na kanda, hakuelewa hata neno, akawa anahesabu silabi kwa vidole na kutia Kiswahili mahali pa Kihindi. Asidhani mtu kwamba hiyo ni kazi ya kitoto. Pale mwimbaji wa Bombay alipovuta sauti lazima upate irabu ya Kiswahili inayovutika. Ukiweka "i" palipokuwa na "a" ndefu, mwimbaji wako atakohoa. Tarabu ya Mombasa, Malindi na Lamu ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ufundi huo. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliwaliza watu miaka mingi kwa lahani zenye asili ya Kihindi, na mengi aliyoyaimba yaliandikwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule Malenga wa Mvita. Pita Usita wa Mui uulize: jina la mwimbaji kila mtu analo. La aliyeandika wanalo wazee, na walimu wa fasihi.

Malipo yake miaka yote yalikuwa ya kimji. Harusini hakuna risiti. Hupewa kikoi, udi, kichupa cha mafuta mazuri, na bahasha ambayo adabu haimruhusu kuifungua mbele za watu. Wagombea wa siasa hulipa vizuri zaidi, na hawaulizi habari za vina. Filamu ilikuja mwisho, naye keshaota mvi.

Wale watu wa filamu walifika msimu wa kaskazi, wakapanga nyumba Shela. Mwongozaji wao, binti mpole kwa maelezo ya Mwalimu mwenyewe, alisikia wimbo wake kwenye harusi moja akaupenda. Akaomba huo, akaomba na mwingine wa kutungiwa makusudi kwa ajili ya mandhari ya mwanamke anayemsubiri mumewe ufuoni. Halafu, siku ya mwisho, akaomba maneno ya ngoma ya vugo kwa ajili ya harusi iliyomo ndani ya filamu. Nyimbo tatu, shilingi 30,000 kwa M-Pesa, na karatasi moja ya Kiingereza ambayo Mwalimu aliitia saini juu ya goti pale Mkunguni, mbele ya Ngome, wenzake wakiwa kwenye bao. Nimeisoma karatasi hiyo. Ina sentensi mbili: kwamba amepokea kiasi hicho kwa nyimbo tatu, na kwamba malipo yamekamilika. Haisemi ni nyimbo zipi. Haisemi maneno au lahani. Neno hakimiliki halimo.

Watu wengi hapa mjini, nilipowaeleza, walirukia bei. Kwamba 30,000 ni kidogo, kwamba wa Nairobi wametunyonya kama kawaida yao. Mimi bei naiacha. Mtu mzima aliyekubali bei amekubali, na mwaka huo huo Mwalimu alitunga kaswida mbili bure. Kilichoharibika kiko mahali pengine.

Tuanze na wimbo uliozuiwa. Maneno ni ya Mwalimu, ya tangu zamani, yameimbwa harusi ngapi sijui. Lahani ni ya filamu ya Kihindi. Harusini hakuna aliyewahi kuuliza, na mwenye lahani huko Mumbai hakuwahi kujua kwamba bibi harusi wa Mkomani ametolewa kwa sauti yake. Filamu ni jambo jingine: hurekodi, hunakili, huuza, na huweka mahali ambapo mashine inalinganisha sauti usiku na mchana. Wimbo mmoja una haki mbili, ya maneno na ya lahani, na Mwalimu alikuwa na moja tu. Hakusema kwamba lahani ni yake. Wala hakuulizwa.

"Ami," nilimwambia, "hapa una fungu lako la lawama."

Akanyamaza kidogo. "Kila mtu ajua ile ni ya Kihindi."

Na ni kweli, kila mtu wa Amu anajua. Binti wa Nairobi ambaye wazazi wake walisikiliza rumba hajui, na hakuwa na sababu ya kujua. Hilo Mwalimu alilikubali. Lakini kutokana nalo haifuati kwamba arudishe pesa. Maneno yalikuwa yake, aliwapa, wameyatumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka uhamisho wa haki uwe kwa maandishi yenye saini ya mwenye haki. Risiti inayosema "nimelipwa" haijahamisha kitu. Alichowapa ni ruhusa ya kutumia maneno, na ruhusa isiyo ya pekee yaweza kutolewa hata kwa mdomo, hata kwa vitendo. Kwa hiyo wao wana ruhusa ya maneno, na hawana chochote kwenye lahani, jambo ambalo wangeligundua kwa swali moja tu: sauti hii ni ya nani? Kuuliza swali hilo ni kazi ya mwenye filamu.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko ugomvi. Mizani ya Mwalimu imenyooka, kwa hiyo mpiga udi wa hapa alitia lahani mpya kwa jioni mbili, mwimbaji akarudia, na maneno hayakuguswa. Kwa sikio langu hii mpya ni nzuri zaidi. Mwalimu hakubaliani nami.

Wimbo wa pili ndio uliomuuma, ingawa hakuutaja mpaka mara ya tatu alipokuja. Huu ulitungwa kwa kuagizwa, na hapa sheria yetu inamgeukia mtunzi. Kazi ikiagizwa, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na makubaliano yanayosema vingine. Kama mtu angekuwa na karatasi ya maana, na mstari mmoja tu wa kusema kwamba maneno yabaki ya mtunzi, mambo yangekuwa mengine. Sentensi mbili za Mkunguni hazikuwa na mstari huo. Kwa wimbo huu wa ufuoni, kifedha, Mwalimu ameshauza.

Wahindi walikwisha kupita njia hii. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mwenye filamu anayemlipa mtunzi atunge kwa ajili ya filamu yake ndiye mwenye haki, mtunzi akishalipwa basi. Ilichukua mpaka 2012 kwa bunge lao kurekebisha sheria, mmoja wa waliolisukuma jambo hilo bungeni akiwa Javed Akhtar, mtunzi wa maneno ya filamu mwenyewe. Tangu hapo mtunzi wa huko hawezi hata kwa hiari yake kuuza fungu lake la mirabaha katika matumizi ya nje ya ukumbi wa sinema. Naona huo ni uangalifu mzuri, wa kumkinga mtu na njaa yake mwenyewe. Sisi bado tunaanza na mwagizaji.

Lakini iko haki isiyouzika pamoja na wimbo: haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Na wimbo wa ufuoni uliharibiwa.

Maneno yake siyaweki hapa, ni yake. Nimetunga ubeti wangu mbovu wenye kilema kilekile, ili msomaji aone kilichotokea:

Nimeketi ufuoni, nakungojea kwa mato,
Tanga liko baharini, lanijia kama ndoto,
Hali yangu taabani, moyoni mwawaka moto,
Rudi nyumbani Amuni, nikuvishe changu kito.

Mato, kwa Kiamu, ni macho. Sisi husema nti kwa nchi, tini kwa chini. Sasa kijana mmoja studioni, kwa nia njema, aliona watazamaji wa bara hawataelewa mato, akamwambia mwimbaji aseme macho. Neno moja tu. Imba ubeti huo na macho uone: ndoto, moto, kito zinabaki zinamtafuta mwenzao. Kina kimevunjika mstari wa kwanza kabisa, mbele ya kila mtu. Kwa msikilizaji wa Nakuru si kitu. Kwa baraza la Langoni ni kama imamu aliyekosea Fatiha. Filamu ilipoonyeshwa, wazee walimwuliza Mwalimu kwa upole ule wa Kiamu unaochoma, kama siku hizi anatunga bila vina.

Hapo ndipo nilipoona tuna hoja. Nilipoandika barua kwa kampuni sikuanza na pesa, nilianza na mato. Kwamba mtunzi huyu chakula chake hutokana na sifa ya vina vyake. Kwamba neno lililobadilishwa limemfanya aonekane hajui kazi. Kwamba kuvunjiwa heshima hupimwa mahali heshima ilipo, na yake iko hapa. Sijui wakili wa kweli angeipangaje hoja hiyo. Kampuni iliielewa haraka kuliko habari za haki na uhamisho, nadhani kwa kuwa yule binti mwongozaji mwenyewe aliposomewa ubeti kwa mato na kwa macho alisikia tofauti.

Na kutajwa je? Hapa nitakaa kidogo.

Siku moja katika mazungumzo hayo nilimuuliza Mwalimu lahani zile za ujanani zilikuwa za nani. Akataja waimbaji: Lata, Rafi, Mukesh. Akajua hata baadhi ya watunga lahani. "Na maneno?" Akacheka. Miaka hamsini amekuwa akiketi juu ya kiti cha mtu asiyemjua jina.

Nikamsimulia habari za Sahir Ludhianvi. Jina lake la kuzaliwa ni Abdul Hayee, mtoto wa Ludhiana huko Punjab, alizaliwa 8 Machi 1921. Alikuwa mshairi wa Kiurdu mwenye jina lake kabla ya filamu kumjua. Mwaka 1949 alitoka Lahore, na haukupita muda akawa Bombay, na 1951 nyimbo alizoandika pamoja na mtunga lahani S. D. Burman zikamtoa. Mwaka 1957 ikaja Pyaasa, filamu ya mshairi ambaye hakuna anayemthamini mpaka adhaniwe amekufa. Maneno yalikuwa ya Sahir, na watu walipokuwa bado wanayaimba, yeye na Burman waliachana. Kisa, kama kinavyosimuliwa, ni nani hasa aliyeibeba filamu ile, maneno au lahani. Alitunukiwa tuzo ya Filmfare mara mbili, ya 1964 na ya 1977, na kati yake serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri, 1971. Alifariki Bombay 25 Oktoba 1980, ana miaka 59, kabla sheria ya nchi yake haijamfaa kwa lolote.

Husimuliwa kwamba Sahir alitaka alipwe rupia moja zaidi ya Lata Mangeshkar. Hiyo ndiyo hadithi wanayoipenda watu, na Mwalimu naye aliipenda, alipiga goti kwa kiganja. Mimi navutwa na jambo jingine linalosemwa juu yake, kwamba ndiye aliyeishikilia redio ya taifa ya India mpaka ikaanza kumtaja mwandishi wa maneno pamoja na mwimbaji na mtunga lahani. Rupia moja ni kiburi kitamu. Kutajwa redioni ni chakula cha kila mtunzi aliyekuja baada yake.

Kwa nini mshairi mkubwa agombee kutajwa? Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye daftari la Mwalimu. Mshairi wa Kiswahili hujitaja katika ubeti wa mwisho. Anafunga, anaomba dua, anataja jina au lakabu yake, wakati mwingine mtaa wake. Washairi wa Kiurdu wana desturi iyo hiyo: katika ghazali, beti ya kumalizia ndiyo hubeba lakabu ya mshairi. Huko na huku, karne na karne, hiyo ndiyo ilikuwa saini, na ilishonwa ndani ya shairi lenyewe ili yeyote atakayelighani amtaje mwenyewe hata asipotaka.

Filamu haina nafasi ya ubeti wa mwisho. Mandhari ya ufuoni ilikuwa ya dakika mbili. Mwalimu alitunga beti sita. Walitumia tatu za mwanzo, mwanamke akageuza uso, jahazi likaonekana, wimbo ukazimwa. Ubeti wa sita, wenye jina lake na dua yake, ulibaki Shela kwenye mashine ya kurekodia. Hakuna aliyekusudia kumfuta. Mkasi ulipita tu pale ambapo jina hukaa. Halafu yale majina ya mwishoni, yanayopanda haraka watu wakiwa wanasimama, yakamtaja mwimbaji, yakamtaja aliyepanga muziki, yakataja hata mwenye nyumba iliyopangwa, na mahali pa maneno pakaandikwa "nyimbo za asili za Lamu".

Nyimbo za asili! Maneno hayo ya heshima yamekula watunzi wengi wa pwani, wakiwa hai, wananunua samaki sokoni.

Kampuni ilijibu baada ya wiki tatu na simu kadhaa. Wimbo wa kwanza, wakakubali lahani mpya na kuacha kudai pesa. Wa pili, wamerudisha mato katika nakala ya mtandaoni, na jina la Mwalimu sasa lipo, "maneno", kwa nyimbo mbili. Pesa ya ziada hawakutoa, na sikuwa na msingi wa kuwabana. Kwa wimbo ulioagizwa sheria iko upande wao. Mwalimu hakulalamika. Aliirudia ile sehemu ya majina mara nne kwenye simu yangu, akiisimamisha kwa kidole, akimwita mjukuu aje asome.

Daftari lake nalo limebadilika. Kila utungo mpya una tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, umeandikiwa nani, lahani ni ya nani. Nimemwambia pia kwamba akitaka anaweza kuandikisha kazi zake kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ingawa haki yenyewe haingojei kuandikishwa: utungo ukishaandikwa au kurekodiwa, ni wake, maisha yake yote na miaka 50 baada yake. Hiyo miaka 50 ilimshangaza. Alinitaka nihesabu mjukuu atakuwa na umri gani.

Umebaki wimbo wa tatu, na huu nakiri ulinipita. Nilikuwa nimeshaifunga faili kichwani mwangu, mpaka mama mmoja wa makamo akanisimamisha karibu na soko, buibui limejaa vumbi la punda, akaniuliza: "Na letu sisi?"

Vugo ni la wanawake. Wao hupiga pembe za nyati, wao huimba, na kiitikio kilichotumika katika filamu ni cha bibi zao, si cha Mwalimu. Mwalimu aliongeza beti mbili za kumsifu bibi harusi wa kwenye filamu, na kwa hizo alilipwa. Wanawake walioimba siku ile waliletewa soda na biriani. Hapa yale maneno "nyimbo za asili" ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli yana sheria yake: tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka jamii yenyewe iombwe idhini kabla mtu hajatumia cha kwake kibiashara, na inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuweka daftari la vitu hivyo. Nani aliwaomba idhini wanawake wa vugo? Mwalimu aliombwa. Mwalimu akasema sawa.

Nilipomfikishia alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema atakwenda kwao mwenyewe, si kwa simu, na kwamba sehemu yake ya wimbo huo atawapelekea. Alikwenda. Waliipokea, wakamwambia hiyo ni yake na wao, ya kampuni bado.

Kwa hiyo barua ya pili iko mezani kwangu. Wanawake watano wameshaitia saini, wawili kwa kidole gumba. Wa sita, ambaye wote wanasema ndiye mwenye kiitikio kwa urithi, amevuka kwenda Pate kwenye harusi, na tunangoja arudi.